Uzi: Kufunga kompresa ya upepo kwenye gereji ya nyumbani (umeme, mabomba, maji, rangi)

Gereji ya Uani | #1
Wakuu habari za jioni. Nina banda la mita 3 kwa 6 nyuma ya nyumba, Dar. Nataka kufunga kompresa ya upepo. Kazi zenyewe: kufungua nati za magurudumu kwa impakti (bunduki ya upepo ya kufungulia nati), kujaza tairi, kupuliza vumbi, na kupiga rangi bampa au mlango mmoja mmoja, siyo gari zima. Umeme ni fezi moja, na kutoka kwenye bodi ya nyumba mpaka bandani ni mita 25. Dukani naoneshwa HP 3 yenye tanki la lita 100 na HP 2 yenye tanki la lita 50. Ipi inafaa, na inafungwaje? Nikisema kufunga namaanisha kila kitu, kuanzia waya hadi koki ya mwisho ukutani.

Kipimo Sahihi | #2
Mkuu, HP na ukubwa wa tanki viweke pembeni kwanza. Swali la kuuliza dukani ni hili: mashine inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika? Vifaa vyako vinakula hivi kwa presha ya bar 6 (kama psi 90). Impakti ya nusu inchi ni lita 110 hadi 140 kwa wastani, kwa sababu hukai umeishikilia muda wote. Mashine ya msasa ya duara ni lita 230 hadi 340, na hiyo inakula mfululizo. Bunduki ya rangi ya HVLP (upepo mwingi, presha ndogo) ni lita 230 hadi 400. Za LVLP (upepo kidogo, presha ndogo) ni kati ya 100 na 200. Kujaza tairi na kupuliza vumbi si mzigo. Ukikuta kibao kimeandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha kwa 28.3 upate lita.

Sasa angalia mtego wa kibao. Namba kubwa iliyochapishwa mara nyingi ni ujazo ambao pistoni inavuta, si upepo unaotoka. Kwa pampu ndogo za pistoni, kinachotoka ni kama asilimia 60 hadi 70 ya hiyo namba. Kwa hiyo usikisadiki kibao, pima mwenyewe ukiwa dukani. Fungua koki ya chini tanki liishe kabisa, funga, washa, shika saa. Zidisha lita za tanki kwa bar ulizofikia, gawanya kwa dakika. Tanki la lita 100 kufika bar 8 ni lita 800 za upepo. Ikichukua dakika 3 na sekunde 12, pampu inatoa 250 kwa dakika. Ikichukua dakika 5, inatoa 160, hata kama stika inasema HP 3. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka la jirani.

Nyundo Nzito | #3
Kipimo, hapo kwenye tanki nakupinga kidogo. Mtu wa impakti anahitaji tanki kubwa. Nati tano za gurudumu zinaisha kabla pampu haijaamka.

Kipimo Sahihi | #4
Kwa impakti uko sahihi, ni kazi ya kushtukiza. Kwa rangi sivyo. Tanki la lita 100 likishuka kutoka bar 8 hadi 6 linakupa lita 200 tu za ziada. Bunduki ya HVLP inazimaliza chini ya dakika moja, baada ya hapo unaishi kwa pampu. Simtanki kubwa haliongezi maji ya bomba la mtaa, linachelewesha tu kukauka.

Kwa mahitaji ya #1 ningechukua HP 3 ya mkanda, tanki lita 100, mradi kipimo cha saa kioneshe lita 220 au zaidi. HP 2 ya kuunganishwa moja kwa moja na mota inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, inapiga kelele na inachemka upesi. Ya mkanda inazungusha pampu polepole zaidi, ndiyo maana inadumu. Na zote hizi za pistoni hazikuumbwa kukimbia mfululizo. Hesabu dakika 6 za kazi kwa kila 10, zilizobaki ni za kupoa.

Pwani Moja | #5
Niko Mombasa, na ninapitia mambo yenu. Nyongeza kwa walioko bara: kile kipimo cha saa kinabadilika na mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 18, hivyo pampu ileile inachukua muda mrefu zaidi, kama robo hivi, kufikisha bar 8. Msiilaumu mashine.

Mama Fezi | #6
Nachukua upande wa umeme, maana ndipo mota nyingi za fezi moja zinapofia.

Mota ya HP 3 (kilowati 2.2) kwenye volti 230 inakula ampea 14 hadi 16 ikiwa kazini. Plagi yetu ya pini tatu za mraba ina fyuzi ya ampea 13. Hapo jibu lipo. HP 3 haichomekwi ukutani, inapewa laini yake kutoka kwenye bodi. HP 2 inakula 9 hadi 11, inaweza kuingia kwenye plagi, ila soketi iwe nzima na isishirikiane na pasi wala friji.

Wakati wa kuwaka mota inavuta mara 5 hadi 7 ya hiyo, kwa nukta chache. Breka ya aina B ya ampea 16 inaruka kati ya ampea 48 na 80, kwa hiyo itakuangusha kila asubuhi na utaanza kuisingizia mashine. Weka aina C ya ampea 20. Aina C inaruka papo hapo kuanzia mara 5 ya namba yake, yaani 100, hivyo inaipa mota nafasi ya kuanza.

Waya kwa mita 25: milimita za mraba 4, nyaya tatu, ndani ya kondiuti. Ya 2.5 itabeba ampea 15 bila kuungua, ndiyo, lakini volti zinapotea njiani. Kila ampea kwa kila mita, waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18, wa 4 unapoteza 11. Kwa ampea 75 za kuwakia, mita 25, ule wa 2.5 unakula karibu volti 34 na ule wa 4 karibu 21. Sasa chukua ekstensheni ya 1.5, mita 30, milivolti 29: hesabu inakupa karibu volti 65. Nguvu ya kuanzia ya mota inafuata mraba wa volti, kwa hiyo ukipoteza robo ya volti umebakiwa na kama asilimia 56 ya nguvu. Mota inanguruma, haizunguki, koili zinachemka.

Bandani weka swichi ya kukata umeme ukutani, usawa wa mkono, mahali unapoweza kuifikia bila kuvuka mkanda. Waya wa ethi ufungwe kwenye ganda la chuma la mota na ufike mpaka kwenye ethi ya nyumba. Usiuache ukining'inia ndani ya boksi kwa sababu "inafanya kazi hata bila huo".

Gereji ya Uani | #7
Asante Mama Fezi. Kwa hiyo nikitaka mashine karibu na gari, nirefushe waya au mpira wa upepo?

Mama Fezi | #8
Refusha mpira wa upepo. Siku zote.

Koki ya Chini | #9
Tukija kwenye kuiweka. Sakafu iwe bapa. Usiiweke kwenye ukuta kabisa: upande wa puli kubwa uache sentimita 40, kwa sababu mapanga ya ile puli ndiyo feni inayopoza kichwa cha pampu. Ukiisogeza ukutani, inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Karibu nguvu yote ya umeme unaolipia inageuka joto humo bandani, ni kama kuacha jiko la umeme la plati kubwa limewaka. Mita 3 kwa 6 bila dirisha ni tanuri. Toboa tofali za matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili.

Miguu ikae juu ya raba. Ukitaka kuifunga kwa boliti, hakikisha kwanza miguu yote minne inagusa. Mguu mmoja ukielea ukakazwa kwa nguvu, tanki linajikunja kidogo na mtikisiko unapasua weldi ya mguu baada ya miezi. Ufa huo unaanzia kwenye mguu na kuingia kwenye ukuta wa tanki, na tanki la namna hiyo halichomelewi tena. Likifika hapo, ni chuma chakavu.

Bomba la Chuma | #10
Mabomba. PVC hapana. Ile ya kijivu ya maji au nyeupe ya drenaji, zote hapana, hata kama imeandikwa bar 16 ubavuni. Hiyo namba ni ya maji. Maji hayajibani, bomba likipasuka yanamwagika tu. Upepo uliobanwa unaruka na vipande vyenye ncha kama chupa. Wasimamizi wa usalama kazini wa Marekani walitoa onyo kuhusu jambo hilo tangu 1988, na bado ukuta wa gereji nyingi una PVC.

Kwa banda lako tumia GI (bomba la chuma lililopakwa zinki) ya robo tatu inchi. Kwa lita 250 kwa dakika nusu inchi ingetosha kupitisha, lakini robo tatu ina eneo kubwa la kupoza upepo na bei haiachani sana. Bomba lenye urefu wa mita 6 linafika ukuta mzima. Chukua mbili, tii 3, elbo 4, yunioni 1, koki za nusu inchi 4, na klipu za kila mita moja na nusu.

Kutoka kwenye tanki kwenda ukutani usifunge chuma kwa chuma. Weka mpira wa presha wa sentimita 50 au 60, wa bar 20, unaostahimili joto. Mashine inatikisika, bomba la ukutani halitikisiki, na kisichojikunja ndicho kitakachokatika uzi.

Halafu mteremko: sentimita 1 kwa kila mita, ukishuka kuelekea mbali na kompresa. Kila tawi la kushuka kwa mtumiaji litoke juu ya bomba kuu, lipande kidogo, lipinde, ndipo lishuke. Ukilitoa chini, maji yote yaliyolala bombani yanakimbilia kwenye bunduki yako ya rangi. Mwisho wa bomba na chini ya kila tawi acha kipande cha sentimita 20 kinachoendelea chini kupita sehemu ya kuchomekea, na koki mwishoni. Humo ndimo maji yanakusanyika.

Tefloni mizunguko 4 au 5, ukifuata upande wa kukazia, na uache uzi wa kwanza wazi ili nyuzinyuzi zisiingie ndani na kuziba regyuleta (kirekebisha presha). Wanaopenda katani na rangi, sawa, inashika vizuri kuliko tefloni kwenye GI yenye uzi mbovu.

Nyundo Nzito | #11
Vipi PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea? Inachomelewa kwa dakika, haina kutu, na fundi bomba yeyote anayo mashine yake.

Bomba la Chuma | #12
PPR haipasuki vipande kama PVC, hilo nakupa. Ila angalia mambo matatu. Namba ya PN20 ni kwa maji ya nyuzi 20, na joto likipanda uwezo unashuka, wakati upepo unaotoka kwenye pampu unachoma mkono. Jua likiipiga inazeeka. Na la tatu ndilo kubwa: plastiki haipozi upepo. Chuma kinapoza, maji yanadondoka humo bombani unayatoa kwa koki. Kwenye PPR yanasafiri yakiwa mvuke mpaka kwenye mpira, yanadondokea kwenye kazi. Ukiitumia, iwe baada ya mita 6 za mwanzo za chuma, ndani ya kivuli.

Nyundo Nzito | #13
Kwa mtu wa impakti tu asiyepiga rangi bado naona PPR inatosha. Ila mita 6 za mwanzo za chuma nimekubali.

Kipimo Sahihi | #14
Kwa wanaofikiri maji ni jambo la kinadharia, hesabu ya Dar hii hapa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiibana hadi bar 8 ikapoa kufika nyuzi 35 tankini, inaweza kushika gramu 4 na kitu tu. Karibu gramu 20 zinageuka maji. Pampu ya lita 250 kwa dakika inavuta mita 15 za ujazo kwa saa nzima ya kukimbia. 20 mara 15 ni gramu 300. Hiyo ni karibu chupa ya soda kwa kila saa ambayo mota imezunguka.

Kwa hiyo koki ya chini ya tanki inafunguliwa kila jioni, si kila mwezi. Iache wazi kidogo usiku kama banda linafungwa. Maji yakitoka meupe kama maziwa, yamechanganyika na oili, pete za pistoni zimeanza kuchoka. Yakitoka ya rangi ya chai ya rangi, hiyo ni kutu ya tanki. Mara ya kwanza inaweza kuwa uchafu wa kiwandani. Ikiendelea, tanki linaliwa kwa ndani.

Pwani Moja | #15
Nakazia #14. Huku pwani ile koki ya chini iko mahali pabaya, lazima uiname chini ya tanki, ndiyo maana watu hawaifungui. Itoe, weka elbo na kipande cha bomba kinachotokeza mbele, kisha koki ya mkono. Ukiifikia kwa mguu, utaifungua.

Oili Tupu | #16
Kabla ya kubana upepo mara ya kwanza:

Mashine nyingi zinakuja bila oili au na kidogo ya usafirishaji. Jaza mpaka katikati ya doa jekundu kwenye kioo, usipite. Tumia oili ya kompresa ISO 100 (inalingana na SAE 30) kwa joto la pwani. Iringa au Mbeya wakati wa baridi, ISO 68 inaanza kwa urahisi zaidi. Oili ya injini ya 20W-50 usiitie. Ina sabuni za kusafisha injini, inatoa povu, na inaacha masizi kwenye sahani za valvu. Valvu zikiwa na masizi hazifungi, upepo unarudi, kichwa kinachemka zaidi, masizi yanaongezeka.

Kisha washa ukiwa umefungua koki za tanki zote, upepo utoke bure, dakika 20 hadi 30. Pete za pistoni zinakaa mahali pake bila mzigo. Zima, kagua oili, kaza boliti za kichwa kwa msalaba kama unavyokaza silinda hedi, ndipo ufunge koki. Oili ya kwanza mwaga baada ya saa 50 za kazi. Baada ya hapo saa 300 mpaka 500 zinatosha, ila kwa vumbi letu chujio la hewa lisafishwe kila wiki. Chujio likiziba pampu inavuta oili kutoka chini na kuitupa tankini.

Rangi Mbili | #17
Upande wa rangi, kwa kuwa mwanzisha uzi ataumia hapa.

Kwa pampu ya lita 220 mpaka 250 nunua bunduki ya LVLP, mdomo wa milimita 1.3 au 1.4. Itafanya mlango na bampa bila kuishiwa. HVLP ya kawaida itaanza vizuri, katikati ya mlango presha inaporomoka, rangi inatoka matone makubwa na uso unakuwa kama ganda la chungwa. Watu wanaongeza tina (kiyeyusho), hapo ndipo inatiririka. Kosa lilikuwa kwenye upepo.

Chujio la maji la kikombe liwe mwisho wa bomba, mita 7 au 8 kutoka kwenye kompresa, siyo pale pale kwenye tanki. Chujio linakamata matone, halikamati mvuke. Upepo ukiwa bado wa moto, maji yanapita humo kama mgeni aliyealikwa na kuja kugeuka matone kwenye mpira.

Mpira wenye tundu la ndani la milimita 10, urefu mita 10. Ule wa milimita 6 wa rangi ya chungwa uliojikunja kama springi ni wa kujazia tairi. Presha iweke wakati umevuta kilimi na upepo unatoka, si bunduki ikiwa imelala. Bar 1.8 hadi 2 kwenye kishikio. Ukiweka 2 ikiwa imelala, ukivuta utapata 1.3.

Na mpira wa rangi uwe wa rangi tu. Mafundi wanatia oili kwenye impakti kupitia kitundu cha kuingilia, matone 2 au 3 kila siku ya kazi, ni vizuri kwa impakti. Oili hiyo inarudi kwenye kichomekeo na kubaki kwenye mpira. Ukiuhamishia kwenye bunduki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Funga utepe mwekundu kwenye mpira wa rangi ili mtu asiuguse.

Barakoa ya kitambaa haizuii rangi ya kuchanganya na hadina (kigumisho). Ile hadina ina kemikali inayoharibu mapafu, hata harufu ikiwa ndogo. Tumia barakoa ya makopo ya kuchuja mvuke, milango wazi, na zima chochote kinachotoa cheche. Upepo wa kompresa yenye oili usiuingize kwenye barakoa ya kuvuta pumzi.

Gereji ya Uani | #18
Naona dukani vichomekeo vimeandikwa SM20, PP20, SP30. Vinasomwaje?

Koki ya Chini | #19
Ni mtindo wa Nitto wa Japani, ndio umejaa kwetu. S ni upande wa jike unaojifunga, P ni dume. Herufi ya pili: M ina uzi wa nje, F uzi wa ndani, H ya kuchomeka mpira na klipu, P ya mpira na nati ya kukaza. Namba ni ukubwa: 20 robo inchi, 30 ni 3 kwa 8, 40 nusu inchi. Dume la 20 na la 30 mdomo wake ni uleule, yanaingia kwenye jike moja. La 40 mara nyingi nalo ni familia hiyohiyo. Jike lifungwe ukutani, dume kwenye kifaa. Ukigeuza, kila ukichomoa unapiga mluzi.

Usichanganye na vile vya mtindo wa Ulaya. Vinaingia nusu, vinaonekana vimeshika, halafu vinachomoka na mpira unapiga kama nyoka.

Nyundo Nzito | #20
Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu mashine za mtumba za Japani, naijibu hapa. Soma kibao cha mota. Japani majumbani ni volti 100, na zile kubwa za gereji ni volti 200 fezi tatu. Ya volti 100 ukiichomeka kwenye 230 inakufa sekunde hiyohiyo. Ya fezi tatu nyumbani mwako ni pambo mpaka ubadilishe mota. Pampu zenyewe ni nzuri sana, nyingi zinafaa kununuliwa kwa bei ya pampu na tanki, ukaweka mota ya hapa. Puli ichaguliwe upya ili mizunguko ya pampu ibaki ile iliyo kwenye kibao.

Bomba la Chuma | #21
Na tanki la mtumba linapimwa kwa maji, halipimwi kwa upepo. Lijaze maji mpaka hewa yote itoke, tumia ile pampu ya mkono ya mafundi bomba, panda hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwa bar 8 ni 12. Acha nusu saa. Geji isishuke, weldi zisitoe jasho. Likipasuka na maji, linalowesha sakafu. Likipasuka na upepo, lita 100 kwa bar 8 lina nguvu ya kutosha kuinua gari la tani moja hadi usawa wa ghorofa ya pili. Gonga sehemu ya chini kwa nyundo ndogo: sauti ya kengele ni nzima, sauti ya bati bovu liache. Kama banda litageuka biashara yenye wafanyakazi, Tanzania matanki ya presha yanakaguliwa chini ya OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), kwa hiyo kibao cha tanki usikibandue wala kukipaka rangi.

Gereji ya Uani | #22
Mrejesho. Nimechukua HP 3 ya mkanda, kipimo cha saa kilitoa dakika 3 na sekunde 25 hadi bar 8, waya wa 4, breka C20. Ikiwa tupu inawaka vizuri. Ikifika 8 inazima. Ikishuka 6 inataka kuwaka, inanguruma, breka ya mota inakata. Nikiachia upepo wote inawaka tena.

Kipimo Sahihi | #23
Sekunde 205, hiyo ni lita 234. Umepata mashine ya kweli.

Mama Fezi | #24
Kapasita (ile inayosaidia mota kuanza) ni nzima, ingekuwa imekufa isingewaka hata tupu. Waya wako uko sawa. Tatizo ni upepo uliobaki juu ya pistoni. Mashine inapozima kwenye bar 8, unasikia "psss" fupi pembeni ya swichi ya presha?

Gereji ya Uani | #25
Hapana, inanyamaza kimya.

Mama Fezi | #26
Ndiyo hiyo. Kwenye swichi ya presha kuna kivalvu kidogo chenye mrija mwembamba wa shaba au plastiki unaotoka kwenye valvu ya njia moja ya tanki. Swichi ikizima, mkono wake unasukuma pini ya kile kivalvu na upepo wa kichwani unatoka. Kisipofunguka, mota inaanza ikisukumana na bar 8. Kata umeme ukutani, toa upepo wote, fungua kifuniko cha swichi. Sukuma wenzo kwa mkono kwenda upande wa kuzima na utazame kama unafika kwenye pini. Mara nyingi kivalvu kimelegea kwenye kishikio chake kwa mtikisiko wa safari, kimesogea milimita 2, mkono haukifikii. Kirudishe, kaza. Kama kinafikiwa, fungua mrija, huenda umebanwa na nati au una chembe za chuma.

Kwa wengine watakaosoma baadaye: kinyume chake ni "psss" isiyokoma baada ya mashine kuzima, tanki likishuka taratibu. Hapo kosa ni ile valvu ya njia moja, upepo wa tanki unarudi nyuma. Toa upepo wote kwanza, fungua nati yake ya shaba, safisha kile kidude cha raba na kiti chake. Na "psss" wakati mota inazunguka ni raba ya kivalvu yenyewe imekatika.

Oili Tupu | #27
Ukiwa humo ndani usiguse skurubu yenye springi kubwa. Inapandisha presha ya kuzimia, na valvu ya usalama imewekwa juu kidogo tu ya presha ya kibao. Watu wanapandisha hadi 10, valvu ya usalama inaanza kutoa, wanaiziba kwa plagi. Pete ya valvu hiyo ivutwe mara moja kwa mwezi tanki likiwa na bar 3 au 4, ipige na ijifunge yenyewe.

Gereji ya Uani | #28
Kivalvu kilikuwa kimechomoka kwenye kishikio. Nimekirudisha, sasa inapiga "psss" na inawaka tena kwa bar 6 bila kusita. Mabomba nimefunga kama #10, sabuni ya maji imeonesha povu kwenye yunioni, nimekaza. Nimeizima ikiwa na bar 8, baada ya dakika 30 iko 7.8. Kilichobaki: mkanda unatoa unga mweusi chini.

Koki ya Chini | #29
0.2 mara lita 100 gawanya kwa 30, unavuja chini ya lita moja kwa dakika. Acha hivyo.

Unga wa mkanda ni puli mbili haziko mstari mmoja. Ondoa kava, nyoosha uzi wa mwashi kutoka ukingo wa nje wa puli kubwa mpaka puli ya mota. Uzi uguse kingo zote nne, pointi mbili kwa kila puli. Kama kingo za puli hazina unene sawa, pima hadi katikati ya mfereji. Ukikuta mwanya, legeza boliti nne za mota, isogeze, usiikaze bado. Vuta mota nyuma mpaka mkanda ukiubonyeza kwa dole gumba katikati unaingia milimita 10 hadi 12, kagua uzi tena, ndipo ukaze boliti kwa msalaba. Futa ule unga wote uliopo, washa nusu saa, angalia kama umerudi. Na kava lirudi mahali pake kabla ya kuwasha.